Wiki sita za kuvuliwa uhusika

Nianze na chozi. Mimi ni mwigizaji, na nina chozi langu moja ambalo limenilisha kwa miaka 11. Linatoka jicho la kushoto, halizidi sekunde kumi tangu niliite, na halijawahi kuniangusha. Waongozaji wanalijua. Yuko mmoja ambaye huniambia tu, "Lete lile," nami nalileta. Jioni ya pili ya mafunzo ya uigizaji ninayoyasimulia hapa nikalileta mbele ya wenzangu 13, na mwalimu akauliza kwa upole kabisa: "Hilo lilikuwa la nani?" Sikuelewa. Akafafanua: mwenzako hajafanya lolote la kukuliza, sasa umemlilia nani? Masikio yakanipata moto. Mwenzangu niliyekuwa nimeketi naye uso kwa uso akanitazama akasema, "Umekasirika." Mwalimu akapiga kofi moja. "Haya. Sasa endeleeni."

Mafunzo yenyewe ni ya ngazi ya juu, kwa watu ambao tayari wako kazini, na yamejengwa juu ya mbinu ya Sanford Meisner, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1905 na kuanza kufundisha katika shule ya uigizaji ya Neighborhood Playhouse, New York, mwaka 1935. Kwake, kuigiza ni kuishi kwa ukweli ndani ya mazingira ya kubuni. Unaposoma sentensi hiyo unaona ni jambo la kawaida. Ukiwekwa kwenye kiti uambiwe uitende, unagundua kwamba miaka yote umekuwa hodari wa hayo mazingira ya kubuni tu.

Sisi wa fani tuna msemo wetu: kuvaa uhusika. "Yule dada kauvaa uhusika," na hakuna sifa inayozidi hiyo. Mwalimu huyu hakuupenda. Alisema nguo huvaliwa juu ya mtu, na mtu akabaki chini yake amejificha, anatoa jasho. Nilimbishia, maana mimi ni mbishi, nikamwambia hata neno kuigiza limetokana na kuiga, kwa hiyo lugha yenyewe iko upande wangu. Akacheka. Kisha akaniuliza nilikuwa namwiga nani ninapolia. Nilikaa kimya, kwa sababu jibu ninalo: namwiga mimi mwenyewe wa kazi yangu ya kwanza, siku lile chozi lilipotoka kwa bahati.

Zoezi la msingi ni la kurudia. Watu wawili, viti viwili, hakuna mistari. Unasema unachokiona kwa mwenzako, yeye anakirudia, unakirudia tena, mpaka kitu kibadilike kati yenu ndipo maneno yabadilike. "Umekunja mikono." "Nimekunja mikono." "Umekunja mikono." Dakika tano za kwanza ni upuuzi mtupu, nasema kweli. Dakika ya saba hivi, mwenzangu alichoka kujipanga, akatabasamu bila kutaka, nami nikasema, "Unanikwepa." "Ninakukwepa," akajibu, na sauti yake ikashuka. Hapo kuna jambo nililolipenda sana kuhusu kufanya zoezi hili kwa Kiswahili. Nafsi kwetu iko mwanzoni mwa kitenzi. Ukisikia "u-", hujajua bado umeshtakiwa kwa lipi, lakini umeshajua mshtakiwa ni wewe, na uso unabadilika kabla neno halijaisha. Halafu "ninakukwepa" lina mimi na wewe ndani ya neno moja. Huwezi kulitamka ukamwacha mwenzako nje. Nimesema maneno ya namna hiyo mbele ya kamera mara nyingi mno bila kusikia kwamba yana watu wawili ndani.

Kanuni iliyobandikwa kichwani mwetu ni kwamba usifanye kitu mpaka kitokee kitu cha kukufanya ukifanye. Ukifinywa, sema "aa!" Usiposikia kufinywa, usiseme. Rahisi kama hivyo, na ni mateso kwa mtu aliyezoea kuja seti na "aa!" yake mfukoni, imepimwa urefu na kupigwa pasi.

Sehemu bora ya wiki zote sita ilikuwa zoezi la mlango. Mmoja yuko ndani na kazi ya mikono iliyo ngumu kweli na yenye sababu ya haraka. Mwingine anatoka nje, anajiandaa, kisha anabisha. Kazi yangu ilikuwa kufumua mkufu mwembamba uliojisokota mafundo, nao ni wa mtu niliyemchukulia bila ruhusa, na mwenyewe yuko njiani. Mkufu ulikuwa wa kweli na mafundo ya kweli. Nilikuwa nimeinama juu yake, kucha zinauma, mlango ukagongwa mara moja tu, taratibu. Sikujibu. Ukagongwa tena, mara mbili, kwa kiganja. Mwili wangu ulijua kabla yangu kwamba huyo si mtu wa kuja kugomba, ni mtu aliyekuja kuaga. Nikaenda kufungua nikiwa bado nimeushika mkufu, nikajikuta naufunga ngumi nyuma ya mgongo kama mtoto. Hakuna aliyenielekeza hivyo. Wala sikulia, ilikuwa jioni yangu ya kwanza kutolia na nikasahau kulikumbuka lile chozi.

Mistari nayo tulifundishwa kuishika kikavu, kama mtu anayesoma orodha ya majina, bila kupandisha wala kushusha, ili wimbo usijitunge kichwani kabla hujamsikia mwenzako. Linafanya kazi. Onyo dogo tu: nilijaribu kwenye usomaji wa mezani wa kazi moja nikiwa bado darasani, na mwongozaji akaniita pembeni kuniuliza kama naumwa.

Sasa malalamiko, na ninayo mawili makubwa.

Wiki ya nne ilikuwa ya maandalizi ya hisia, yaani kile unachokifanya nje ya mlango ili usiingie ukiwa mtupu. Meisner alitaka uandaliwe na njozi: jipangie hadithi ya kubuni itakayokugusa, hata kama haijawahi kutokea. Ni tofauti na njia ya Lee Strasberg, aliyekuwa naye katika Group Theatre, kundi la maigizo la New York, tangu lilipoanzishwa mwaka 1931, ambaye alisisitiza mwigizaji afukue kumbukumbu zake mwenyewe. Mgogoro huo si wa jana. Mwaka 1934 Stella Adler, mwigizaji mwenzao wa kundi hilo, alikutana huko Paris na Stanislavski mwenyewe, yule Mrusi ambaye mafundisho yake ndiyo chimbuko la mbinu zao wote, akarudi na habari kwamba mzee anaweka uzito kwenye mazingira ya mhusika na vitendo vyake kuliko kuchimba machungu yako binafsi, na kundi likagawanyika. Meisner alisimama upande wa Adler. Nayataja haya kwa sababu msaidizi wa mwalimu, aliyetushika wiki hiyo, aliyachanganya. Alimwambia mwenzetu mmoja akumbuke msiba wake, wa kweli, tena wa karibuni. Yule kijana akaingia mlangoni akiwa hafai hata kuketi, zoezi likafa, akapelekwa nje kunywa maji, sisi tukaambiwa "jozi inayofuata." Hakuna aliyekwenda kukaa naye mpaka mapumziko. Mwalimu mkuu aliporudi alisahihisha, na kwa haki niseme alimwomba radhi mbele yetu wote. Lakini darasa la watu wazima walio kazini halipaswi kungoja mwalimu mkuu arudi safari ndipo lifuate mbinu lililojitangazia.

La pili linahusu kamera. Mnajiita mafunzo ya waigizaji walio kazini, basi tufundisheni kazi. Mbinu nzima imesimama juu ya mwenzako: anakupa, unapokea. Vizuri. Ila mimi nusu ya picha zangu za karibu huchukuliwa mwenzangu akiwa ameshabadili nguo ameondoka, nami naongea na kipande cha utepe kilichobandikwa kando ya lenzi, huku msaidizi akinisomea mistari kama anayetangaza matokeo. Nani ananifinya hapo? Na ile mikono ninayoiacha huru ifuate ukweli, yupo mtu seti ambaye kazi yake ni kuandika nilishika kikombe kwa mkono upi kwenye neno lipi, na nikibadilisha, picha hazitaungana. Tulipewa jioni moja tu ya mambo haya. Moja, kati ya 18! Na ilikuwa jioni yenye manufaa, ndiyo maana nasikitika: tulifundishwa kuutazama ule utepe mpaka uone kitu mahususi, mfano jicho moja la mwenzako wala si uso mzima, na kuyaweka matendo ya mikono mapema mpaka yasihitaji akili, ili akili ibaki na kusikiliza. Nilitamani wiki nzima ya hayo.

Mtaniuliza imesaidia nini. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa na tukio la kuagana na kaka yangu. Picha ya kwanza, aliyekuwa kaka alihangaika na kifungo cha koti, nikamsikia kweli, nikacheka, kisha kicheko kikanigeukia. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Halafu taa ikaleta shida. Tukarudia. Tukarudia kutoka upande wa pili. Kufika mara ya sita kaka alikuwa amechoka, kifungo kinafungika vizuri kabisa, mimi ni mtupu, na mwongozaji akasema, "Lete lile." Nikalileta. Jicho la kushoto. Ndilo walilolitumia.

Kwa hiyo, aende nani? Uende kama una miaka kadhaa ya kazi na umeanza kujichoka. Kama ndiyo kwanza unaanza, tafuta ngazi ya chini kwanza. Wawili katika kundi letu walikuwa wageni wa fani na walipotea kabisa, si kwa kukosa kipaji bali hawakuwa na mazoea ya kuvuliwa. Usiende ukiwa katikati ya kazi nyingine, utamchanganya kila mtu pamoja na mpiga picha. Kundi la watu 14 ni kubwa kidogo, jioni nyingine unapata zamu moja tu, ingawa kutazama nako kunafundisha kuliko nilivyotarajia. Simu zinakusanywa mlangoni na hakuna msamaha. Mwalimu mkuu anastahili kila dakika, msaidizi bado. Ngazi inayofuata nimeshajiandikisha, kwa sharti nililowaandikia kwamba maandalizi ya hisia yashikwe na mwalimu mwenyewe, nao wamekubali kwa maandishi.

Na ule mlango wa zoezi, jamani. Bawaba ya juu imelegea, mtu akigonga kwa hasira unafunguka wenyewe, na aliye ndani anabaki ameduwaa na mkufu wake mkononi. Skrubu mbili tu.