Wodi ya upasuaji wa watoto: nyota nne

Nyota ya tano imebaki dirisha la malipo, ambako binti yangu, mzazi wa juzi tu, alisimama foleni na mtoto mgongoni hadi miguu ikavimba.

Mengine nawasifu. Ugonjwa wa tundu la kutokea tumboni kuziba, yaani misuli kunenepa hadi maziwa hayateremki utumboni, wanasema huja zaidi kwa watoto wa kiume, hasa wa kwanza, wa wiki 3 hadi 6, na matapishi huruka mbali. Mjukuu wangu ni wa kike, wa tatu kwa mama yake. Maziwa yalimtiririka tu kidevuni, mara nyingine na michirizi ya kahawia, na macho yakawa manjano. Zahanati walitupa dawa ya gesi. Jirani akasema chango.

Daktari wa hapa aliomba kadi ya kliniki, akaona uzito umeshuka, akauliza nepi zinalowa mara ngapi. Akasema ile kahawia ni damu ya tumbo lililochubuka kwa kutapika, na manjano nayo huweza kuandamana na ugonjwa huohuo. Ultrasaundi ikafanyika siku ileile: misuli ikizidi milimita 3 wana mashaka, yake ilipita 4.

Mkwe wangu alitaka apasuliwe usiku uleule. Walikataa, na walieleza: mtoto aliyetapika sana amepungukiwa chumvi za damu, akipewa dawa ya usingizi hivyo anaweza kuacha kupumua. Dripu kwanza, damu ikapimwa tena, ndipo akaingia.

Daktari wa upasuaji alinichorea kwenye karatasi. "Bibi, tunachana misuli tu, ngozi laini ya ndani hatuigusi." Akasema njia hiyo ni ya Mjerumani Ramstedt, tangu 1912. Nikamwambia basi mmeshaizoea.

Saa chache baadaye alinyonya. Akatapika kidogo, lakini muuguzi alishatuonya kuwa hutokea, hatukupiga kelele. Muuguzi huyohuyo ndiye aliyetuambia kwamba matapishi ya kijani ni jambo jingine kabisa, hayo usingoje kuche.

Wanaokuja: bebeni kadi ya kliniki na kanga za ziada, wodini usiku kuna baridi. Bibi hana kitanda, ana benchi.