Fundi fremu aliyeikata chapa yangu ya Elyse Lord

Nimengoja hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo.

Duka silitaji jina. Ni la fremu, liko London, na nilielekezwa na watu wanaokusanya picha za zamani, watu ambao ushauri wao huwa nauamini. Niliwapelekea chapa ya rangi, yaani picha iliyochapwa kwa wino kwenye karatasi, ya Elyse Ashe Lord, msanii Mwingereza aliyejulikana sana miaka ya 1920 na 1930 kwa picha za mabibi wa Kichina, farasi, ndege na matawi ya maua. Ukiziona kazi zake mara ya kwanza utadhani zimetoka Shanghai. Mwenyewe hakuwahi kufika China.

Wapo wanaombeza kwa hilo, nami siwalaumu sana. Elizabeth Keith, msanii Mskoti wa zama zake, alifika Tokyo mwaka 1915, akafanya kazi na mchapishaji Watanabe Shōzaburō, akaenda na Korea. Sura anazochora ni za watu aliokaa nao. Mabibi wa Lord hawajawahi kuishi popote. Lakini mstari wake, jamani! Bibi wa kwenye chapa yangu anageuza shingo kidogo tu, na mkunjo wa nguo unashuka toka begani hadi sakafuni kwa mkwaruzo mmoja usiositasita. Niliitafuta chapa hiyo kwa muda mrefu, na bei niliyoilipa mnadani siitaji kwa sababu mume wangu atasoma hapa.

Sasa nieleze kwa nini pembezoni mwa karatasi ni jambo kubwa hivi. Lord alikwaruza bamba la shaba kwa sindano kavu, bila tindikali. Sindano ikipita, shaba huinuka kandokando ya mfereji, na hapo ndipo wino hunasa na kutoa ule mstari laini wenye ukungu. Shaba hiyo iliyoinuka hulala kidogo kila karatasi inapopita chini ya mashine, ndiyo maana nakala nzuri huwa chache. Yangu ilikuwa moja kati ya 75. Rangi nyingi zilipigwa kwa vibao vya mti, kibao baada ya kibao. Bamba nalo, likiminywa kwenye karatasi yenye unyevu, huacha bonde dogo kuizunguka picha. Unaligusa kwa kidole unajua kwamba hii ilitoka chini ya mashine, si picha ya kalenda. Na chini ya bonde hilo, kwa penseli, pana namba ya nakala na saini ya msanii kwa mkono wake.

Nilimweleza binti wa mapokezi yote hayo. Akaandika kwenye risiti: isikatwe, isigundishwe, bonde na saini vionekane. Nilisoma, nikatia saini yangu.

Niliporudi kuichukua, fremu ilikuwa nzuri kweli. Mbao nyeusi, pembe zimekutana bila ufa, kioo kisichorudisha mwanga. Nikaangalia chini ya picha. Hakuna saini. Hakuna namba. Hakuna bonde. Kadibodi imekaa juu ya rangi kabisa.

Nikadhani wameifunika tu, nikaomba wafungue. Mwenye duka akatoka nyuma anajifuta mikono, akasema: "Tulipunguza ile karatasi nyeupe ili iingie vizuri. Picha yenyewe haijaguswa."

Karatasi nyeupe! Ni sawa na kumkatia mtu hati ya nyumba pale penye saini na muhuri, kisha umwambie maneno ya juu bado yanasomeka.

Nikamwonyesha risiti. Akaisoma, akaniangalia toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Picha za Kichina hizi zimejaa mitandaoni, utapata nyingine." Nikamwambia si ya Kichina, ni ya mwanamke wa nchi yako. Akarudi nyuma kwenye mashine yake bila kunijibu. Binti wa mapokezi ndiye aliyeniomba radhi, machozi yakimlengalenga, na kwa ajili yake nilikusudia kuwapa nyota tatu: mbili za fremu, moja ya adabu yake.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona fremu nzuri haina maana yoyote hapa. Kazi niliyoomba haihitaji maajabu. Vikanda viwili vya karatasi ya Kijapani kwa juu, gundi ya wanga wa ngano inayotoka kwa maji, kadibodi isiyo na asidi yenye dirisha pana kiasi cha kuonyesha pembezoni. Fundi yeyote anayejiita wa picha za zamani anajua. Huyu alikuwa na fremu ya kipimo fulani dukani, akaona ni rahisi kuikata chapa kuliko kukata mbao nyingine. Basi nyota moja, na ningeweza ningeiondoa hiyo pia. Na pale juu nilipowasifu walionielekeza, nao wajiangalie.

Wamekubali kurudisha pesa ya fremu. Ya chapa hawataki hata kuizungumza. Wanataka nithibitishe ilikuwa na saini, wakati risiti yao wenyewe imeandikwa hivyo. Niliomba angalau nirudishiwe kile kipande kilichokatwa, nikajibiwa kilishatupwa na takataka.

Chapa bado naipenda. Nimeitoa kwenye fremu yao nikailaza ndani ya jalada lisilo na asidi. Anayemjua fundi wa karatasi London anayepokea kazi ndogo na kusoma maagizo aliyoandikiwa, aniandikie. Na kama una chapa ya Lord yenye pembezoni zake kamili, usiipeleke popote kabla ya kuipiga picha mbele na nyuma, saini ionekane.