Pakiti ya taroti ya Rider-Waite: kagua chapa kwanza, maana baadaye

Tuwekane sawa mapema. Tanga ni mji wa madrasa, na atakayesema taroti ni jamaa ya ramli hajakosea sana. Kama inafaa au haifai, hilo kila mtu na sheikh wake au mchungaji wake. Hapa inapimwa bidhaa: karata 78 za picha ambazo mtu hununua ili azisome, yaani azitumie kubashiri. Zinasomeka?

Pakiti hii ilitoka London Desemba 1909. Mpango ulikuwa wa Arthur Edward Waite, picha zote zikachorwa na Pamela Colman Smith. Kabla ya hapo pakiti nyingi za taroti zilikuwa na picha kwenye karata kuu 22 na zile za wafalme na watu wao tu. Zile ndogo za namba zilionyesha idadi ya alama basi, vikombe vitano au fimbo saba. Smith akazipa karata ndogo za namba matukio yake, nyingi zikiwa na watu wakifanya jambo. Hiyo ndiyo sababu ya kuinunua hii na si nyingine. Anayecheza karata barazani hatapotea: vikombe ni kopa, panga ni shupaza, sarafu ni uru, fimbo ni pao. Ila kila kundi lina karata 14 badala ya 13, kwa kuwa kuna mtumishi na askari wa farasi kabla ya malkia na mfalme.

Sasa ubaya. Ukiagiza mtandaoni kwa bei ya kutupa, kitakachoshuka na basi la kutoka Dar huenda kikawa nakala ya kuiga. Utaitambua haraka: karatasi nyepesi, rangi zimekolea kupita kiasi, kingo zimekatwa hadi ndani ya picha, na badala ya kijitabu kuna msimbo wa QR. Tafuta pia sahihi ya Smith, herufi P, C na S zilizosokotwa pamoja karibu na ukingo wa chini. Ikiwa imekatwa au imegeuka doa, usiendelee.

Hili si la urembo. Toa Vikombe Vitano uiweke mwangani. Mtu wa joho jeusi ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika. Nyuma yake viwili vimesimama, na kwa mbali kuna daraja la kuvukia mto. Maana yote imo kwenye vile viwili ambavyo hajageuka kuviona. Chapa ikiwa nyeusi vinamezwa na joho, unabaki na msiba mtupu. Mauti, namba 13, ni vilevile: mifupa ndani ya deraya juu ya farasi mweupe, bendera yenye waridi jeupe, na kwa mbali jua kati ya minara miwili. Likifutika lile jua, mteja atatoka akidhani ametabiriwa jeneza, wakati karata inazungumzia jambo linalofikia mwisho ili lingine lianze.

Panga Sita inawafaa sana watu wa pwani. Mtu anapiga pondo, mama na mtoto wamejikunyata mbele yake, panga zimechomekwa kwenye chombo. Maji ya upande mmoja yana viwimbi, ya upande wa pili yametulia. Safari ya kuondoka kwenye shida, na shida yenyewe imo chomboni.

Vijitabu vinavyokuja na pakiti hizi havitoshi. Vinakupa maneno matatu manne kwa kila karata, na anayekariri hukwama pale karata mbili zinapopingana. Dawa ni kupanga karata ndogo mkekani, safu nne za 14, kisha usome kwenda chini kwa namba. Tano zote ni dhiki: vikombe huzuni, panga ushindi wenye fedheha, fimbo vijana wanaogombana, sarafu maskini wawili wanaopita kwenye theluji chini ya dirisha la kanisa lenye mwanga. Ukishalijua hilo hukariri tena karata nne, unakariri namba moja na makundi manne. Anza na kutandaza karata tatu. Msalaba wa karata kumi usubiri, maana anayeanza akifika karata ya saba ameshasahau swali.

Jua, namba 19, huwasumbua wasomaji wa huku. Jua la Tanga mwezi wa Februari si neema kwa mtu yeyote! Lakini mchoraji alikuwa Uingereza, na ameweka mtoto anayefurahi juu ya farasi mweupe na maua ya alizeti ukutani. Fuata picha, usifuate jasho lako.

Jihadhari pia na namba 8 na 11. Waite aliweka Nguvu nafasi ya 8 na Haki ya 11. Pakiti za mtindo wa Marseille, ule wa zamani wa Ufaransa, zinafanya kinyume, hivyo programu ya simu inayotafsiri kwa namba inaweza kukupa maana ya karata nyingine kabisa.

Unyevu wa bahari hizi karata haziupendi. Kingo huvimba, zinagandana, na kwa upana wa sentimita 7 hivi na urefu wa 12 zinakuwa ngumu kuchanganya. Ziweke kwenye kisanduku kinachofunga, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usizipake poda, ikikutana na jasho inageuka utando. Wala usizianike juani, zitapinda.

Mwisho geuza mgongo wa karata. Kama nakshi ina juu na chini, utajua iliyopinduka, yaani iliyokaa kichwa chini na husomwa kwa maana tofauti, kabla hujaifunua, na kusoma karata zilizopinduka kutakuwa kujidanganya. Chagua yenye mgongo unaofanana pande zote.