Ada ya Chama cha Wafanyakazi wa Kijamii: Mwanachama Hupata Nini Hasa?

Vyama vya kitaaluma vya wafanyakazi wa kijamii huuza kitu ambacho ni vigumu kukipima. Anayenunua simu huishika na kuijaribu kabla ya kutoa fedha, lakini anayejiunga na chama hulipa kwanza, na huenda miaka ikapita kabla hajakihitaji kile alicholipia. Ndiyo maana ada inapodaiwa upya wengi hulipa kwa mazoea, na wengine huacha kimya kimya bila kuwa na hakika kama wamepoteza chochote. Katika tathmini hii nimeziangalia huduma tatu ambazo karibu kila chama huzitaja katika fomu yake ya kujiunga, yaani kuwakutanisha wanataaluma, kuwasaidia wanapokwama, na kuwasemea mbele ya waajiri na watunga sera. Mifano nimeichukua zaidi kutoka NASW, chama cha kitaifa cha Marekani, BASW cha Uingereza, na IFSW, shirikisho la dunia, kwa kuwa kazi zao zinafahamika na mtu anaweza kuzilinganisha na za chama chake mwenyewe. Maoni yangu nayatoa mapema: huduma ya pili peke yake inatosha kuihalalisha ada, ya tatu ina thamani kwa mwenye subira, na ya kwanza, ambayo ndiyo inayopambwa zaidi katika matangazo, ndiyo yenye upungufu mkubwa.

Kwanza ni vyema kujua nani humhudumia nani, maana vyombo hivi huchanganywa mno. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1928 ndio uliochimbua msingi wa vyombo vya dunia tulivyo navyo leo: umoja wa shule zinazofundisha taaluma hii, ambao rais wake wa kwanza alikuwa Alice Salomon, baraza la mashirika ya ustawi wa jamii, na sekretarieti ya wafanyakazi wenyewe ambayo IFSW iliirithi ilipoundwa mwaka 1956. Wanachama wa IFSW ni vyama vya kitaifa, kutoka nchi zaidi ya 130. Mtu binafsi anaweza kujiandikisha kuwa rafiki wa shirikisho, lakini kura hubaki mikononi mwa chama cha nchi yake. Kwa hiyo anayelipa huko akitarajia mtu wa kumpigia simu siku anaposhtakiwa kazini atakuwa amebisha mlango usio wake. Kinachopatikana huko ni mambo ya msingi, kama vile fasili ya taaluma iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014, ambayo imeweka haki za binadamu na haki ya kijamii katika kiini cha kazi yetu, na tamko la kanuni za maadili lililopitishwa Dublin mwaka 2018. Nyaraka zote mbili husomwa bure, na mwanafunzi asiye na fedha ya ada yoyote anaweza kuzitumia.

Nianze na suala la kukutanisha watu. Orodha ya wanachama yenye majina na maeneo ya utaalamu huvutia siku ya kwanza, ila mara nyingi imejaa watu waliokwisha hama kazi au waliosahau kwamba majina yao yamo. Mikutano ya mwaka huwanufaisha zaidi wahadhiri na mameneja, kwa sababu hao ndio ambao mwajiri huwalipia nauli na malazi. Mwenye mashauri mengi mezani, yaani kesi za watu anaowahudumia, hawezi kuondoka siku tatu bila kumtwisha mwenzake mzigo ambao tayari umemwelemea. Mihadhara kwa njia ya video imepunguza tatizo hilo, na kwa yule ambaye leseni yake humtaka atimize saa kadhaa za mafunzo endelevu, mihadhara ya bei nafuu kwa wanachama ni faida anayoweza kuihesabu kwa fedha taslimu. Hata hivyo, kusikiliza mhadhara hakumpatii mtu mwenzake wa kazi.

Kasoro nzito zaidi iko katika makundi ya mtandaoni, yale yenye mamia ya wanachama ambapo mtu huuliza swali usiku na kupata majibu ishirini kabla ya kulala. Kasi hiyo ndiyo hatari yake. Mfanyakazi huandika kwamba ana mtoto wa miaka tisa ambaye mama yake yuko gerezani na babu anayemlea anatuhumiwa kwa ukatili, kisha anauliza hatua ya kuchukua; jina hakulitaja, shule hakuitaja, lakini katika eneo ambalo mashauri ya namna hiyo ni machache, wasomaji kumi tayari wameshamjua mtoto huyo ni nani. NASW kilizifanyia kanuni zake za maadili marekebisho makubwa kuhusu teknolojia mwaka 2017, na sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa katika makundi hayo. Chama kinachoendesha kundi la wazi bila msimamizi, bila kukataza maelezo ya mashauri, na bila kuwaelekeza wauliza swali kwenye njia ya faragha, kwa maoni yangu kinawaweka hatarini watu ambao taaluma hii ipo kwa ajili yao. Ningependa kuona suala hili likiulizwa kabla ya lingine lolote pale mtu anapochagua chama.

Penye mafanikio, nimeona jambo moja likijirudia: vikundi ni vidogo na vimepangwa kwa aina ya kazi. Mfanyakazi wa kijamii wa hospitali mara nyingi huwa peke yake, au yeye na mwenzake mmoja, katikati ya madaktari na wauguzi ambao humwita mgonjwa anapokosa pa kwenda baada ya kuruhusiwa. Wanaomzunguka wana ujuzi mwingi, lakini hakuna aliyesomea kilekile alichosomea yeye. Kwa mtu kama huyo, kikundi cha watu wanane wa hospitali nyingine wanaokutana kila mwezi kina uzito kuliko orodha ya wanachama elfu moja. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaofanya kazi magerezani, katika huduma za wazee, na katika kupanga malezi ya watoto waliotenganishwa na familia zao. Wapo wanaofuata utaratibu wa vikundi vya Balint, ulioanzishwa London katika miaka ya 1950 na Michael na Enid Balint kwa ajili ya madaktari wa kawaida: mmoja hueleza shauri linalomsumbua, kisha hunyamaza na kusikiliza wenzake wakijadili uhusiano wake na mteja badala ya kumpa maagizo. Gharama yake ni chumba na kiongozi aliyefunzwa. Inashangaza kwamba vyama vingi hutenga fedha nyingi kwa ukumbi wa mkutano mkuu kuliko kwa vikundi vya namna hii.

Hapo ndipo tunaingia katika msaada, sehemu ambayo nimeipa alama za juu kuliko zote. Mfanyakazi wa kijamii hukutana na maswali ambayo msimamizi wake hawezi kuyajibu kwa uhuru, kwa sababu msimamizi huyo ndiye pia mwakilishi wa mwajiri. Je, nimripoti mwenzangu? Je, nifuate agizo la kufunga shauri ambalo naamini halijaisha? Je, mahakama ikidai kumbukumbu zangu, nizitoe zote? NASW huwapa wanachama ushauri wa maadili, na kina mfuko wa utetezi wa kisheria unaoweza kusaidia katika mashauri yenye uzito kwa taaluma nzima. Kupitia kampuni yake tanzu, wanachama wanaweza kupata bima ya kuwalinda dhidi ya madai ya kitaaluma, jambo la lazima kwa anayefanya kazi ya kujitegemea. BASW hutoa ushauri na uwakilishi kwa mwanachama anayeitwa mbele ya kikao cha nidhamu au mbele ya mdhibiti wa taaluma, na mwaka 2011 kilizaa chama cha wafanyakazi, Social Workers Union, ili utetezi huo uwe na nguvu ya kisheria mbele ya mwajiri. NASW, kinyume chake, si chama cha wafanyakazi. Anayetaka mtu wa kujadiliana na mwajiri kuhusu mshahara wake hana budi kumtafuta kwingine. Tofauti hii haielezwi vya kutosha kwenye fomu za kujiunga, na wengi huigundua siku wanapokuwa tayari wamepewa barua.

Kuna msaada mwingine ambao si wa kisheria wala wa kimaadili. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, BASW kilianzisha huduma ambamo wafanyakazi wa kijamii wazoefu hujitolea kuwasikiliza na kuwaelekeza wenzao bila malipo. Naiona kuwa huduma bora kati ya zote nilizozichunguza, kwa sababu msikilizaji si bosi, si daktari, na hahitaji kuelezwa maana ya kumtoa mtoto nyumbani kwao saa tatu usiku. Mwaka uliofuata NASW kiliingiza suala la kujitunza katika kanuni zake za maadili. Hatua hiyo niliipokea kwa hisia mchanganyiko. Ni kweli kwamba mtaalamu aliyechoka kupita kiasi hukosea, lakini kanuni ya maadili humwajibisha mtu binafsi, ilhali idadi ya mashauri anayopewa hupangwa na mwingine. Chama kinachomhimiza mwanachama ajitunze hakina budi kumkabili pia yule anayemlimbikizia mafaili.

Utetezi wa sera ni mgumu kuuhukumu kwa sababu matunda yake huchelewa na hugawiwa hata kwa wasiolipa ada. Mfano mzuri ni kampeni ya 80-20 ya tawi la BASW la England, iliyoanza mwaka 2018. Ilitokana na maelezo ya wafanyakazi wa huduma za watoto wenyewe, kwamba takriban asilimia 80 ya muda wao huishia kwenye kompyuta na makaratasi na asilimia 20 tu kwa watoto na familia zao, na ikadai uwiano huo ugeuzwe. Nguvu yake iko katika ushahidi uliokusanywa kwa walio kazini, kiasi kwamba hata asiyeijua taaluma hii huelewa tatizo kwa sentensi moja. Nchini Marekani, mkataba wa majimbo wa kutambuliana leseni ulipata nguvu Aprili 2024 baada ya majimbo saba kuupitisha, lakini leseni zenyewe za kumwezesha mtu kufanya kazi katika majimbo kadhaa zilibaki kusubiri tume iundwe na mifumo ijengwe. Mwanachama aliyehama jimbo mwaka huo hakupata nafuu yoyote papo hapo, ingawa watakaohama baadaye watanufaika na kazi iliyofanywa kwa ada yake.

Utetezi pia huwagawa wanachama wenyewe. Agosti 2022 ASWB, umoja wa bodi za leseni unaoandaa mitihani inayotumika Marekani, ulitoa takwimu zilizoonyesha kwamba watahiniwa weusi, wenye umri mkubwa, na wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza hufaulu kwa viwango vya chini kuliko wengine. Mwaka uliofuata NASW kilitangaza kuipinga mitihani hiyo. Wapo walioona chama kimechelewa, na wapo waliohofia kwamba leseni waliyoihangaikia itapungua heshima. Mimi naona chama kilifanya kilichopaswa kufanya, maana fasili ya Melbourne haiwezi kuzungumzia haki ya kijamii kwa wateja na kuisahau mlangoni mwa taaluma. Hilo linahusu pia wasaidizi wa ustawi na wahudumu wa kijamii wasio na shahada, ambao katika sehemu nyingi ndio hufika kwanza penye tatizo. Chama kinachopigania kulindwa kwa jina la taaluma bila kuwatengenezea watu hao njia ya kujiunga, hata kwa daraja la chini, hujipunguzia macho na masikio ambayo kampeni zake huyategemea.

Kuhusu Siku ya Kazi za Kijamii Duniani, inayoadhimishwa Jumanne ya tatu ya Machi, sina mengi ya kusema. Ni nafasi nzuri ya kumwalika diwani au mbunge ofisini aone foleni ya wanaosubiri huduma, na ni nafasi mbaya ikiishia kwenye fulana na picha.

Bei, kwa jumla, sijaiona kuwa kikwazo kwa mwenye ajira ya kudumu, na vyama vingi hutoza ada ndogo kwa wanafunzi, wahitimu wapya na wastaafu. Wanaoumia ni wenye mikataba ya muda mfupi, ambao kipato chao ni cha msimu lakini hudaiwa ada ya mwaka mzima. Kulipa kwa awamu za kila mwezi, panapokubaliwa, ni utaratibu wa haki zaidi. Anayesitasita aombe kuona masharti ya uwakilishi kwa maandishi kabla ya kulipa, na asome hasa kifungu cha tarehe ya kujiunga, kwa kuwa ni kawaida kwa vyama kutopokea shauri ambalo chanzo chake kilitokea kabla ya uanachama kuanza. Mhitimu anayepanga kujiunga siku atakapopata tatizo, siku hiyo atakuwa amechelewa.