Jumamosi ya kutuliza kichwa mjini: makumbusho mchana, dansi usiku

Jamani kama kichwa kimejaa ka mwendokasi ya jioni nendeni Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, Dar. Mi nilienda Jumamosi na mamdogo, tukaanzia kwenye kumbukumbu ya wale waliofariki kwenye bomu la ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, watu 11 hapa Dar na siku hiyohiyo Nairobi zaidi ya 200. Mamdogo alikuwa mjini siku ile, akasimama hapo hata dakika kumi haongei, na mi nikanyamaza tu maana ungesema nini. Ndani kuna mambo ya Zinjanthropus, yule zamadamu wa Olduvai ambaye fuvu lake lilipatikana 1959, magari ya zamani nayo, watoto watayapenda.

Tukavuka bustani ya mimea ya jirani, tukakaa chini ya mti tukavuta pumzi taratiibu, simu nimezima kabisa, yani nilisinzia (mamdogo anasema nilikoroma, muongo huyo).

Usiku tukaenda baa moja Kinondoni, silitaji jina, bendi inapiga zilipendwa laivu. Gitaa la solo tamu balaa, wazee wakanyanyuka wenyewe, ila spika wameziweka mbele ya meza yetu na chipsi mayai tumeisubiri saa nzima ikaja ya baridi. Makumbusho nyota 5, bustani 4, baa 3, na hizo 3 ni za mpiga solo.