Uzoefu wangu na kampeni ya afya ya jiji: nilimsindikiza shangazi, presha ikakutwa kwangu

Habari zenu wapendwa. Hii nimetaka kuiandika toka mwezi wa 6 nikawa naahirisha, ila juzi imeingia meseji ya ratiba ya matukio yaliyobaki mwaka huu nikaona bora niseme niliyoyaona, maana najua kuna watu wataisoma hiyo meseji na kuifuta kama mimi nilivyokua nafanya miaka yote.

Kiukweli kampeni za afya nilikua nazichukulia ni za wazee na kina mama wenye watoto wadogo. Gari la matangazo linapita, bango lipo pale, mi naendelea na yangu. Mwezi wa 5, wikiendi ya karibu na tarehe 17 ambayo ndo siku ya presha duniani, shangazi akaniomba nimpeleke uwanjani akaangaliwe macho bure. Nikampeleka, nikakaa kwenye benchi kumsubiri nachezea simu. Akaja kijana mmoja wa kujitolea kavaa fulana ya kampeni, "kaka we umeshapima?" nikamwambia mi mzima sina tatizo lolote, akaniambia haichukui hata dakika 5. Nikasema haya, kuliko kukaa bure.

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye uzito. Yule kijana alinifunga kile kimkanda cha mashine juu ya shati la mikono mirefu, mi nimekunja nne, mkono unaning'inia tu, huku ananiuliza jina umri namba ya simu na mi namjibu, na spika ya mziki iko hatua kama kumi kutoka tulipo. Ikatoka 176/108. Akaisoma kwa sauti mpaka watu wa kwenye foleni wakageuka kuniangalia. Nilihisi ubaridi mgongoni jamani, mtu ambae sijawahi kulazwa hata siku moja.

Bahati nzuri kulikua na nesi mmoja mama mtu mzima meza ya pili, alisikia ile namba akainuka. Akamwambia kijana taratibu tu bila kumfokea, "hapana, hii tuanze upya". Mimi akaniambia "mwanangu, umebanwa haja ndogo?" nikasema ndio, akanituma chooni kwanza. Niliporudi akanikalisha kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote chini isipishane, akanipandisha mkono wa shati, akauweka mkono juu ya meza usawa wa moyo, akasema kaa hivyo dakika 5 usiongee na simu weka pembeni. Kumbe kila kitu kwenye ile mara ya kwanza kilikua kinaipandisha namba: kibofu kujaa, kuongea, kukunja miguu, mkono kua chini ya usawa wa moyo, hata kimkanda kikiwa kidogo kuliko mkono wa mtu nacho kinadanganya kwa kupandisha. Na kama umevuta sigara au umekunywa kitu chenye kafeini ndani ya nusu saa nayo inahesabika. Akanipima mikono yote miwili, akachukua ule uliokua juu akasubiri kidogo akarudia. Ikaja 158/98, ya pili 154/96.

Unaona hiyo tofauti? Ni mtu yuleyule, siku ileile, haijapita hata nusu saa. Ila bado ilikua juu, na hapo ndo alipoongea na mimi vizuri. Akasema ukiwa 140/90 kwenda juu inabidi ifuatiliwe, lakini yeye hawezi kunibandika ugonjwa kwa kipimo cha siku moja uwanjani, lazima irudiwe siku nyingine tofauti nikiwa nimetulia. Akasema kama ingekua imefika 180/120 na kifua kinauma, au pumzi inabana, au mdomo umeenda upande au mkono umekosa nguvu ghafla, hapo asingeniandikia karatasi, tungetoka hapo moja kwa moja hospitali. Nikamuuliza sasa mbona mi sijisikii chochote? Akaniambia "ndio ilivyo, mwanangu, ingekua inauma watu wangekuja wenyewe".

Baadae nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wazima wa miaka 30 hadi 79 wenye presha ya juu duniani ni kama bilioni 1.4 na karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Nusu! Mimi nilikua humo kwenye hiyo nusu nikiwa na simu mkononi kwenye benchi.

Kwa hiyo kwa siku yenyewe sina cha kuwalipa wale watu. Foleni ilikua ndefu lakini inatembea, hema lina kivuli, maji ya kunywa yapo, vyoo safi, wazee walipewa viti wa kwanza. Shangazi alipimwa macho akapewa na barua ya kwenda kuonana na daktari wa macho ikiwa na tarehe kabisa. Nitairudia hiyo barua mbele hapo.

Kasoro sasa. Ya kwanza nimeshaitaja, kusoma namba ya mtu kwa sauti mbele za watu sio sawa hata kidogo. Presha ni siri ya mtu, na siku ile kulikua na wadada wawili nyuma yangu waliondoka kwenye foleni baada ya kusikia ya kwangu, sijui kama walirudi. Weka hata pazia. Ya pili spika, mziki unavuta watu sawa lakini isikae jirani na meza ya presha, nesi mwenyewe alikua anatega sikio. Ya tatu wale vijana wa kujitolea wana moyo sana ila wapewe hata nusu siku ya mafunzo kabla, maana kipimo kibovu kinaweza kumtisha mtu mzima bure na kinaweza kumpa mgonjwa uhakika wa uongo, na vyote viwili ni hatari.

Na kwenye sukari ilikua hivyohivyo. Nilitobolewa kidole ikasoma 7.4, kijana akaandika JUU kwa herufi kubwa. Nesi akauliza umekula saa ngapi? Nilikua nimekula kama saa moja na nusu nyuma. Akaikata ile JUU akaandika "amekula" na saa. Akanielewesha kua 7.0 kwenda juu inatia wasiwasi kama hujala masaa 8 au zaidi, ila kama umetoka kula hesabu ni nyingine kabisa, hapo wanaangalia 11.1 kwenda juu tena pamoja na dalili kama kiu kali na kukojoa mara kwa mara. Sasa jiulize ni wangapi walirudi nyumbani siku ile na neno JUU hawajui la nini.

Kinachonifanya nisiwape alama zote lakini ni kilichofuata baada ya pale. Shangazi alipewa barua yenye tarehe, mimi nikapewa kikaratasi chenye namba zangu na maneno "fika kituo cha afya kilicho karibu". Basi. Jumatatu nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Pale mapokezi hawajui lolote kuhusu hiyo kampeni, kikaratasi wakakiangalia wakanirudishia, nikaambiwa leo watu wa presha siku yao sio leo, njoo Alhamisi. Alhamisi nimekaa toka asubuhi mpaka mchana, nimepimwa mara moja tena nikiwa nimetoka kupanda ngazi, nikaambiwa punguza mawazo. Nusura niache. Nasema kweli kabisa, kama sio shangazi kunipigia kila jioni "mwanangu umerudi kule?" ningekua nimeacha, na ningekua natembea na 158 mpaka leo.

Mara ya tatu nikampata daktari aliekaa na mimi. Akanipa kazi ya kupima nyumbani asubuhi na jioni kwa siku 7, kila mara mbili, niandike zote bila kuchagua zinazonipendeza (nilimuazima jirani mashine, ile ya kufunga juu ya kiwiko). Niliporudi na daftari akaangalia akasema hii sio woga wa hospitali, ni presha. Akaagiza mkojo, damu kwa ajili ya figo, na kipimo cha umeme wa moyo. Namshukuru Mungu figo na moyo viko vizuri. Nikaanza kidonge kimoja kwa siku, chumvi nikaambiwa isizidi gramu 5 kwa siku ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, sio kila sahani, na kutembea haraka dakika 150 kwa wiki. Sa hivi ni miezi mitano, wiki iliyopita nilikua 128/82.

Ndo maana nasema wanaoandaa hii kitu waelewe kwamba kumwambia mtu una namba mbaya halafu kumuacha hapo ni kazi nusu. Watu wa macho waliweza kutoa tarehe, kwanini wa presha washindwe? Meza moja tu ya rufaa pale pale uwanjani, mtu anaandika jina la kituo, siku na saa, na kituo chenyewe kinakua kimeshapewa taarifa kwamba watu wanakuja. Haihitaji mashine mpya yoyote.

Mwezi wa 6 nilirudi, tarehe 14, siku ya wachangia damu duniani (wameichagua kwa sababu ndo alizaliwa Karl Landsteiner, yule aliegundua makundi ya damu mwaka 1901). Mi nilikua nimeanza dawa juzijuzi presha haijatulia wakasema nisubiri kwanza, mdogo wangu akatoa. Na niseme ukweli, walikua wamesikia malalamiko, spika ilikua imepelekwa mbali kule getini na kulikua na pazia. Nilifurahi sana kuona vile. Pia usichokijua ni kwamba ukienda kuchangia damu unapimwa presha, uzito na wingi wa damu kabla hujatoa, kwa hiyo vijana wanaosema hawana muda wa kucheki afya waanzie hapo.

Sasa ratiba iliyokuja. Kuna siku ya mafunzo ya huduma ya kwanza, ya mtu aliesimama moyo, ile ya kukandamiza kifua katikati mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Hii mi naomba msiipuuze, maana moyo ukisimama nyumbani aliepo ni wewe, gari la wagonjwa bado liko njiani. Kuna chanjo ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14, na siku hiyohiyo kina mama wataangaliwa. Tarehe 14 mwezi wa 11 ni kisukari, tarehe 1 mwezi wa 12 ni kupima virusi vya Ukimwi kwa hiari na ushauri. Matembezi yapo kila Jumamosi asubuhi, nimeenda mara nne, ni mazuri ila wanachelewa kuanza jua linawaka.

Meseji pia zije mapema basi. Ile ya matembezi ya kwanza iliniingia saa 12 jioni siku ambayo matembezi yameshaisha. Na matukio ya katikati ya wiki saa 3 asubuhi mpaka saa 8 mchana yanamkosa mtu yeyote alieajiriwa, hata jioni moja kwa mwezi ingesaidia.

Ukienda, vaa nguo ya mkono mfupi au unaopandika. Pita chooni kwanza. Kaa utulie hata kama kijana ana haraka, mwambie tu kwa upole naomba nipumzike dakika 5, na akipima mara moja omba arudie. Namba zako ziandikwe na saa uliyopimwa, na kama ni sukari iandikwe kama umekula au hujala. Alafu kabla hujatoka uliza: naenda wapi, siku gani, nimuone nani? Usiondoke na "kituo kilicho karibu" kama mimi.

Alama zangu: siku ya tukio nawapa 5 kati ya 5, na yote hayo ni kwa sababu ya yule nesi. Ufuatiliaji baada ya hapo 2.

Tarehe 14 mwezi wa 11 nitakuepo na shangazi, safari hii tumekubaliana tunatoka bila kula kitu, maji tu, ili ile 7.4 yangu nipate jibu lake (kama unatumia insulini au dawa za sukari usijinyime chakula bila kumuuliza daktari wako). Daftari langu la presha nalibeba, nataka nimuoneshe yule mama kama nitamkuta. Shangazi ameshasema tutoke saa 12 na nusu, foleni ya mwezi wa 5 hajaisahau.