Paki ya mbwa ya mtaani kwetu huku Dallas, nyota 3 kati ya 5

Wadau nimeshaenda hii paki, yaani uwanja wa kuachia mbwa wakimbie huru, kama mara thelathini hivi tangu nimchukue mbwa wangu Popi kule shelta wanakotunzwa mbwa wasio na wenyewe, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa. Jina naliacha maana ningeandika kuhusu nyingine yangekuwa haya haya.

Kiingilio bure, ni ya mji. Seng'enge ndefu, mifuko ya mavi ipo getini na pipa lake, na kuna upande wa vimbwa vidogo na upande wa mijibwa. Msipuuze hiyo seng'enge ya katikati, kimbwa kidogo kikikurupuka kinalia kale kasauti kembamba, jibwa hata lililo pole linaweza kukiona sungura.

Kilichonikosha zaidi ni geti mbili. Unaingia la kwanza unalifunga, mnasimama kwenye kajichumba ka katikati, unamvua kamba hapohapo, ndo unafungua la pili. Mi mwanzo nilikuwa namwingiza Popi na kamba yake nikidhani ndo ustaarabu, kumbe namtafutia ugomvi, wenzake wako huru wanamzunguka wanamnusa yeye amefungwa hawezi kurudi nyuma wala kukimbia, basi anaanza kuonyesha meno. Nilipoanza kumvulia katikati akawa anaingia mkia unapepea, hana habari na mtu.

Sasa nyota mbili zimeendaje. Jumamosi moja kaja jamaa kahawa mkono huu simu mkono ule, geti la nje kaliegemea mgongo halijafunga na la ndani anafungua kwa goti, aisee mbwa mmoja mweusi akachomoka kama risasi mpaka kwenye paking, magari yanaingia. Mwenye mbwa anamkimbiza anaita jina, mbwa anaona mchezo umenoga anazidi mbio. Kilichomrudisha ni dada mmoja aliyegeuka akaanza kukimbia kuelekea getini huku anapiga makofi, mbwa naye akageuka akamfuata yeye! Mwenye kahawa hata pole hakusema.

Halafu kuna wanaoleta mipira na biskuti za mbwa. Mbwa asiyemjua mwenzake na mpira mmoja, hapo umewasha moto. Popi na mbwa mmoja aina ya haski walikamatana, mama mwenye haski akaingiza mkono katikati ashike kola, kang'atwa mpaka nyuzi nne. Jamani mkono usiingie pale kabisa! Mwagia maji, piga kelele, ikishindikana kila mtu ashike miguu ya nyuma ya mbwa wake mvute kinyumenyume kwa wakati mmoja. Na kabla ya yote hayo dalili zilikuwepo: mbwa anayecheza anainamisha kifua anainua makalio, anayetaka shari anakakamaa, mkia juu umesimama, anakodoa macho. Sote tulikuwa kwenye simu, na mimi nikiwemo.

Bakuli la maji la pale sinywishi mbwa wangu, lina ute juu kama supu ya bamia. Njoo na lako. Na mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo mwache nyumbani, parvo, kirusi cha kuharisha kinachoua watoto wa mbwa, kinakaa kwenye udongo miezi na miezi. Chanjo ya kichaa huku Texas ni sheria, mbwa awe ameshachanjwa kabla hajafikisha wiki 16, ila getini hakuna anayekagua, mnaaminiana tu. Sisi tuliokua nyumbani tukikimbizwa na mbwa koko tunajua kichaa sio hadithi.

Nendeni asubuhi saa moja, joto halijapanda na watu ni wachache. Mtamkuta mzee mmoja na mbwa wake wa masikio marefu, anakaa benchi la getini, salamu hana, kila anayeingia anapigiwa ukelele "geti!" tu. Popi sasa hivi akiusikia anakaa chini mwenyewe anasubiri.